Difu Loki Imewaka na Gari Halitoki: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Kila masika, kuanzia Machi mpaka Mei, haipiti wiki kabla gari la watalii halijaburutwa kwa mnyororo mpaka gereji. Maneno ya dereva huwa yaleyale: "Fundi, difu loki haifanyi kazi." Tunalipandisha gari juu, tunaijaribu, na mara nyingi difu loki ni nzima kabisa. Kilichokufa ni saidi shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha tairi, au klachi, au habu moja ya mbele, kile kifungio cha katikati ya tairi, haikufungwa. Niliendesha Land Cruiser kwenye udongo mweusi wa Serengeti na Ndutu miaka mingi kabla ya kushika spana, kwa hiyo najua mtu anavyokuwa pale wageni sita wako nyuma, mvua inamwagika na matope yameshika ekseli. Unazungusha swichi yoyote iliyo karibu na mkono, mguu bado uko kwenye mafuta. Vyuma huvunjika hapo, na mara nyingine watu huumia.

Nitazungumzia hasa Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile wengi tunaziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo, zenye difu loki ya umeme ya kiwandani. Kwenye dashibodi kuna swichi ya kuzungusha yenye hatua tatu: OFF, halafu RR yaani nyuma peke yake, halafu FR RR yaani mbele na nyuma. Kama gari lako lina difu loki ya upepo iliyofungwa baadaye, mengi ni yaleyale, na nimeiwekea sehemu yake huko chini.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya difu. Gari likikata kona, tairi la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yapishane. Ubaya wake ni kwamba difu huyapa matairi mawili nguvu sawa siku zote. Tairi moja likiwa kwenye utelezi halihitaji nguvu yoyote kuzunguka, basi na lile lililoko pakavu linapata hicho hicho kidogo, linakaa kimya wakati mwenzake linarusha matope mpaka kwenye vioo. Difu ikifungwa, saidi shafti mbili zinakuwa kama chuma kimoja. Tairi lenye ardhi ngumu ndipo linapata nguvu ya kusukuma. Lakini matairi hayo sasa hayawezi kupishana tena, na karibu hatari zote nitakazozitaja zinatoka hapo.

Taa inamweka na haitulii

Hii ndiyo simu ninayopigiwa zaidi. Dereva amezungusha swichi kwenda RR, taa ya difu loki kwenye dashibodi inawaka na kuzima, anadhani kuna kasoro. Kumweka maana yake ni kwamba umeme umefika, mota iliyoko kwenye ekseli inasukuma uma wake, yaani chuma kinachosogeza meno ya kufungia difu, lakini meno hayajakutana. Meno hayakutani kama gari limesimama kabisa na yamegongana kichwa kwa kichwa. Yanahitaji tairi moja lizunguke kidogo tu kuliko mwenzake.

Ondoka taratibu kabisa, huku ukipeleka usukani kushoto kidogo na kulia kidogo. Ukiwa umekwama na huwezi kusogea mbele, rudi nyuma nusu hatua. Utasikia "kla" ndogo chini ya sakafu na taa itatulia. Sasa ndipo unaweza kukanyaga mafuta.

Kosa linalovunja magari ni kukanyaga wakati taa bado inamweka. Tairi moja linazunguka kwa kasi, jingine limesimama, na uma unajaribu kuyaunganisha. Meno yakishikana katikati ya kasi ile, mshtuko wote unaingia kwenye saidi shafti, na gari lililobeba watu na mizigo lina uzito wa tani tatu na zaidi. Utaratibu niliomfundisha kila kijana niliyekaa naye ni huu: simama, toa mguu kwenye mafuta, subiri matairi yote yatulie, zungusha swichi, sogea polepole, subiri taa. Kumi mpaka kumi na tano ya kuhesabu. Matope hayaendi popote.

Kama umefanya hivyo mara tatu nne na taa bado inamweka, zima gari, iwashe swichi ya funguo tu bila injini, mwenzako azungushe swichi ya difu loki huku wewe umeinama karibu na ekseli ya nyuma. Mota nzima inatoa mlio mfupi kisha inakaa kimya. Ukisikia inahangaika na kuguna bila kumaliza, mota imejaa kutu au uma umekaza. Usiposikia kitu, umeme haufiki, na jibu liko kwenye sehemu inayofuata.

Taa haiwaki kabisa

Anza na gia ndogo, ile fimbo ya pili inayochagua matairi mawili au manne. Difu loki hii ya kiwandani haipokei amri mpaka gia ndogo iwe kwenye L4, yaani matairi manne kwa mwendo wa chini. Kwenye H4, yaani matairi manne kwa mwendo wa kawaida, unaweza kuzungusha swichi mpaka jioni. Na mara nyingi dereva anadhani ameingiza L4 kumbe gia imeishia njiani. Simamisha gari, kanyaga klachi mpaka chini, ingiza tena kwa uhakika.

Ikiwa L4 imeingia na bado kimya, angalia fyuzi. Kisha lala chini ufuate waya kutoka kwenye ekseli kwenda juu. Waya wa mota ya nyuma unapita mahali ambapo kila jiwe na kila kisiki kinapagusa, na mara nyingi nimekuta plagi imechomoka au imejaa matope yaliyokauka ndani. Ukiwa na taa ya kupimia, pima kwenye plagi ya mota mwenzako akizungusha swichi. Umeme ukifika na mota isigeuke, mota ndiyo mgonjwa. Usipofika, tafuta juu zaidi, ukianza na swichi ndogo iliyoko kwenye boksi la gia ndogo, ile inayoiambia difu loki kwamba gari liko kwenye L4. Ikichoka, kila kitu kingine kinaonekana kibovu.

Taa imetulia lakini tairi moja linazunguka peke yake

Usikimbilie hukumu. Shuka uangalie ni tairi lipi. Kama umefunga nyuma peke yake na linalozunguka ni la mbele, hakuna kilichoharibika, kwa kuwa difu ya mbele bado iko wazi.

Kama matairi yote mawili ya mbele hayazunguki kabisa wakati ya nyuma yote yanachimba, angalia habu. Mkonga nyingi zina habu za mbele za kufunga kwa mkono, zimeandikwa LOCK na FREE. Habu zikiwa FREE, propela ya mbele, fimbo inayopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka bure na difu loki ya mbele inawasha taa yake vizuri tu, lakini matairi hayapati kitu. Kisa kinachonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja ni kile cha habu moja. Utingo anashuka kwenye mvua, anafunga ya upande aliposhukia, anaona matope upande wa pili, anarudi ndani na kusema tayari. Difu ya mbele ikiwa wazi, nguvu yote inakimbilia upande wa habu iliyo FREE na mbele yote inakuwa kama haipo. Ukifunga na difu ya mbele, tairi moja tu linabeba kazi ya mawili. Nimetoa sivi jointi iliyopasuka, kile kiungio kinachopinda cha saidi shafti ya mbele, kwa sababu hiyo hiyo, na kijana aliyelaumiwa alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Habu zifungwe zote mbili pakavu, kabla ya kuingia matopeni.

Sasa ikiwa taa ya difu loki ya nyuma imetulia na ni la nyuma linalozunguka peke yake, mambo mawili. La kwanza, saidi shafti imekatika, na ungesikia mlio. La pili, taa inadanganya. Taa hutulia kwa sababu kuna swichi ndogo kwenye nyumba ya difu inayobonyezwa na uma ukishafika mwisho. Swichi hiyo ikikwama, au fundi fulani akiwa ameunganisha waya zake moja kwa moja ili taa isimsumbue mwenye gari, utaona taa nzuri na difu iko wazi.

Namna ya kuujua ukweli ukiwa pakavu: simamisha gari sehemu tambarare, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Pandisha ekseli ya nyuma kwa jeki mpaka matairi yote mawili yaache ardhi, kisha weka stendi imara chini ya ekseli, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Achia breki ya mkono, kwa sababu inashika matairi hayo hayo ya nyuma. Ingiza L4 na gia namba moja, injini imezimwa, funguo imewashwa. Swichi ikiwa OFF, zungusha tairi moja kwa mkono: lazima mwenzake lizunguke kinyume. Hiyo ni difu wazi na yenye afya. Zungusha swichi kwenda RR huku mtu akilichezesha tairi kidogo kidogo. Ukisikia "kla" na tairi likagoma kusogea zaidi ya vidole viwili, difu imefunga. Taa ikitulia na tairi bado linazunguka kirahisi, umeshampata mwongo wako.

Mlio wa "pa!" halafu gari linakosa nguvu

Simama papo hapo. Usijaribu tena ili uone.

Nyuma ikikatika saidi shafti, bado unaweza kurudi kambini polepole kwa nguvu ya mbele, ukiwa na habu zote zimefungwa. Mbele ikipasuka sivi jointi, toa gia ndogo irudi H2, yaani matairi ya nyuma peke yake, fungua habu zote mbili, kisha jaribu usukani kwa upole kabla ya kuondoka. Vipande vya sivi vinaweza kujibana ndani na kuukaza usukani njiani, na hilo ni jambo la kufisha kwenye mteremko. Ukikaza hata kidogo, gari linangoja kuvutwa.

Chanzo cha mbele karibu siku zote ni kimoja: difu ya mbele imefungwa, usukani umekatwa mpaka mwisho, na mguu umekanyaga. Sivi ikiwa imekunjwa namna ile ina nguvu ndogo kuliko ikiwa imenyooka, na difu iliyofungwa inaweza kuupeleka mzigo wote upande mmoja. Mbele ikifungwa, matairi yanyooke.

Gari halikati kona, linakwenda moja kwa moja

Hii si kasoro. Hivyo ndivyo difu ya mbele iliyofungwa inavyofanya: matairi mawili yanayolazimika kwenda mwendo mmoja hayataki kupinda. Usukani unakuwa mzito, unakata, pua inaendelea mbele. Mahali pa wazi utakanyaga nyasi tu. Kwenye njia ya kushuka bonde, upande mmoja ukiwa korongo, ni jambo jingine.

Kwa hiyo funga mbele mwisho wa yote, baada ya nyuma kushindwa, na fungua mbele mara tu matairi ya mbele yakigusa ardhi ngumu, kabla ya kona. Mwendo wako wote wakati difu zimefungwa usizidi kilomita 8 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayekimbia pole, na unatosha. Mteremko wa kushuka, mbele ibaki wazi. Ingia namba moja ya L4, acha injini ilishike gari, mguu utoke kwenye klachi kabisa.

Mkia unateleza kuelekea bondeni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza, na sitaki mtu mwingine ajifunze kwa njia ile.

Ilikuwa njia ya udongo mwekundu huko juu ya Karatu, imeinama upande mmoja kuelekea shambani chini, mvua ya usiku kucha. Nilikuwa nimefunga difu ya nyuma tangu kilimani na sikuona sababu ya kuifungua. Nilipofika kwenye mwinamo, nikaongeza mafuta kidogo tu. Mkia ukahama kama mtu amelisukuma gari kwa bega, nusu mita hivi, ukatulia kwenye kichuguu kidogo cha udongo. Kwenye kioo cha pembeni niliona mabua ya mahindi chini yangu badala ya nyuma yangu. Mama mmoja mgeni aliyekaa nyuma hakupiga kelele, alinishika tu bega.

Sababu yake ni hii. Tairi linalozunguka bila kushika chini linapoteza mshiko wake wa pembeni pia. Difu ikiwa wazi, tairi moja linateleza na mwenzake linakaa kimya, na hilo lililokaa kimya ndilo linaloshikilia mkia wa gari usiende bondeni. Ukifunga difu, unayafanya yote mawili yazunguke. Hakuna tena la kushikilia. Gari linaelea.

Kwa hiyo kwenye mwinamo wa pembeni wenye utelezi, difu loki ni adui. Ifungue kabla hujaingia, pita polepole sana kwa L4. Kama sehemu hiyo haipitiki bila kufunga difu, basi haipitiki, na chepe ndilo linalofuata. Ukiwa tayari umeshateleza kama mimi: acha mafuta, usikanyage breki ghafla, shikilia gari hapo lilipo. Abiria washuke kwa milango ya upande wa juu, mmoja mmoja, na wakae upande wa juu, mbali. Mtu asisimame upande wa bondeni hata kuelekeza tu. Fungua difu. Halafu chimba mfereji mbele ya matairi ya upande wa juu, mrefu wa kutosha matairi hayo yashuke na gari likae sawa zaidi. Siku ile tulichimba karibu saa nzima. Gari lilitoka lenyewe, difu zote wazi, kwa namba moja.

Kama mkia unahama na gari bado linatembea, elekeza usukani kule mkia unakoelekea, yaani bondeni kidogo, na acha mafuta taratibu. Mikono itataka kukata usukani juu mlimani. Ukifanya hivyo gari linakaa ubavu, na hapo linakaribia kupinduka.

Swichi iko OFF na taa bado inawaka

Umetoka matopeni, umezungusha OFF, taa inaendelea. Saidi shafti bado zimejikaza dhidi ya meno, na uma hauwezi kuyatoa. Usilazimishe kwa kukata kona kwenye ardhi ngumu. Endesha mita ishirini thelathini moja kwa moja kwenye udongo laini au nyasi, peleka usukani kushoto na kulia kidogo, rudi nyuma mita chache. Karibu kila mara inaachia. Isipoachia, nenda hivyo hivyo polepole kwenye njia ya vumbi, epuka lami, na muite fundi. Ukilipeleka kwenye lami likiwa limefungwa, kona ya kwanza itakuonyesha: matairi yanalia, usukani unapigana nawe, na kitu fulani lazima kikubali, ama mpira ama chuma.

Kuna dereva anayeona taa zote za difu loki zimezima na gari bado linasuasua kwenye kona za lami. Huyo amesahau gia ndogo kwenye H4. Mkonga haina difu ya katikati. Ukiingiza H4 au L4, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, na lami haina utelezi wa kuzipunguzia mkazo. Waliozoea Land Rover Defender hukosea hapa sana, kwa kuwa ile inatumia matairi yote manne muda wote na ina difu ya katikati yenye loki yake kwenye gia ndogo. Ukihama kutoka gari moja kwenda jingine, uliza kwanza lina difu ngapi na zipi zinafungwa.

Difu zote zimefungwa, matairi manne yanazunguka, gari liko palepale

Basi difu loki imemaliza kazi yake. Inagawa nguvu tu, mshiko inaukuta chini au haiukuti. Kila sekunde unayoendelea kukanyaga, gari linashuka.

Udongo mweusi, udongo wa mbuga kama wanavyouita kanda ya ziwa, ukinywa maji unavimba na kunata. Unajaza mifereji ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama sabuni, na hakuna loki itakayobadilisha hilo. Shuka. Piga magoti uangalie chini ya gari. Ikiwa nyumba ya difu au tangi limekalia mgongo wa njia, matairi hayana uzito wa kushikia, na dawa ni chepe mpaka uone mwanga kutoka upande wa pili. Punguza upepo wa matairi kutoka paundi 40 hadi 25 au 22, yakae mapana. Weka mawe, magogo makavu au zile mbao za chuma mbele ya matairi yote manne. Kisha jaribu mara moja, polepole, difu zimefungwa na matairi yamenyooka. Ukitoka, upepo urudishwe kabla ya kukimbia.

Na ndani ya Hifadhi ya Serengeti usidanganyike kukwepa shimo la matope kwa kuingia nyasini. Kutoka nje ya njia hairuhusiwi, na kila anayekwepa anaipanua njia mpaka inakuwa uwanja. Ni heri ufunge difu ya nyuma ukiwa bado pakavu, upite katikati kwa mwendo mmoja bila kusita. Kufunga kabla ya shimo ndiyo siri nzima ya chombo hiki. Wanaokisubiri mpaka wakwame wanakipa kazi ya winchi.

Jeki na difu iliyofungwa

Sitaki kulitaja hili kwa ufupi lakini halina maneno mengi. Tairi la nyuma likipasuka matopeni na difu imefungwa, ukapandisha upande mmoja kwa jeki, mtu asiwashe gari akaingiza gia kwa sababu yoyote ile. Difu ikiwa wazi, tairi lililo hewani lingezunguka bure. Ikiwa imefungwa, lililo chini linapata nguvu ile ile na gari linaruka kwenye jeki. Funguo ikae mfukoni mwa anayebadilisha tairi. Mfukoni mwake yeye mwenyewe.

Wakati wa kujinasua pia, mtu asisimame nyuma ya matairi wala karibu na mnyororo au kamba inayovuta. Difu ikifungwa, jiwe linarushwa na matairi yote mawili.

Maji ndani ya difu

Mota ya difu loki hufa kwa maji na kutokutumika. Nilifungua moja mwezi uliopita, ya gari ambalo mwenyewe aliapa hajaingia mtoni. Kifuniko kilipotoka, kilichomwagika kilikuwa matope mekundu yaliyokauka kama ugoro, na kigia cha ndani ya mota kilikuwa na meno matatu ya kutu iliyovimba. Nilipokichokonoa kwa bisibisi kilitoka vipande.

Ekseli iliyotembea kutwa ina joto. Ukiingia nayo mtoni, hewa ya ndani inapoa ghafla na kujivuta, na isipopata njia juu inanyonya maji kupitia oili sili. Njia hiyo ni kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikiziba, maji yanaingia. Fundi yeyote anaweza kukiondoa na kuweka bomba la mpira linalopanda mpaka ndani ya bodi, karibu na taa ya nyuma. Ni kazi ya saa moja, na bei yake ni ndogo kuliko soda za wageni wako.

Baada ya kuvuka mto mrefu, fungua nati ya kujazia oili, chovya kidole. Oili nzuri ni ya kahawia au nyeusi na inateleza. Ikiwa kama chai ya maziwa, imeingia maji, imwagwe siku hiyo hiyo na iwekwe mpya ya daraja la GL-5. Na mara moja kwa mwezi, hata kiangazi, ingia L4 kwenye mchanga au nyasi na ufunge difu zote mbili, uzifungue, mara tatu. Mota inayozungushwa haishiki kutu kirahisi. Ukilazimika kuitoa mota, piga alama kwenye meno yake na ya uma kabla hujaivuta. Ikirudishwa jino moja pembeni, difu itafunga nusu, na nusu ni mbaya kuliko wazi.

Zile za upepo

Difu loki ya upepo ina kompresa, bomba jembamba na pistoni ndani ya difu. Kompresa ikiwa inanguruma bila kunyamaza baada ya kufunga, upepo unavuja. Paka povu la sabuni kwenye viungio vyote, uangalie bomba lilipopita karibu na ekzosti, ndipo linapoyeyuka. Kama hakuna kiputo nje na oili inatemwa kwenye kipumulio cha ekseli, oringi ya ndani imechoka na upepo unaingia kwenye difu yenyewe. Hiyo ni kazi ya kufungua difu yote, iache kwa fundi anayeijua. Ikikataa kuachia, vali ya umeme imekwama: chomoa bomba kwenye kompresa, upepo utoke, na springi za ndani zitaifungua. Uzuri wake ndio huo, na udhaifu wake pia, kwa maana tawi likikata bomba katikati ya mlima, difu inakuwa wazi wakati huo huo bila kukuuliza.